Neno Lisilo na Uso

Katika baraza la wazee wetu, msemaji alisimama mbele ya watu. Walimwona uso, walimjua na ukoo wake, na akisema uongo, aibu ilimfuata hadi nyumbani kwake. Leo mwananchi aweza kuzungumza na maelfu kwa simu ya mkononi pasipo kuonekana wala kujulikana. Yafaa basi tujiulize: je, neno lisilo na uso lina uzito ule ule wa neno la barazani?

Historia ya Kenya yatupa funzo. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, simu zilieneza ujumbe wa kuchochea kabila dhidi ya kabila. Lakini Januari 2008, Wakenya wachache walianzisha katika intaneti ramani waliyoiita Ushahidi. Mtu aliyeona maovu alituma habari zake, nazo zikaonyeshwa kwenye ramani hiyo. Chombo kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni dhamiri ya mtumaji.

Mwaka 2024 vijana wa nchi hiyo walitumia simu kuupinga Muswada wa Fedha. Waliufafanua kwa lugha mbalimbali, wakapanga siku za kuandamana. Tarehe 25 Juni baadhi yao waliingia hata Bungeni, na waandamanaji kadhaa wakauawa kwa risasi. Siku ya pili yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi muswada ule. Neno lilianzia kiganjani, lakini damu ilimwagika barabarani.

Wako wasemao kwamba kujificha ni woga. Sikubaliani nao. Mnyonge anayemshtaki mwenye nguvu ana haki ya kulilinda jina lake. Hata hivyo, aliyejificha ana wajibu mzito zaidi: kwa kuwa hakuna atakayemhoji, hana budi kujihoji mwenyewe. Je, jambo hili nimeliona? Ningethubutu kulisema mbele ya ninayemtuhumu? Je, yuko atakayeumia kwa neno langu, hali mimi nimeketi salama?

Wahenga walinena: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi kidole ndicho kinenacho. Baraza limepanuka, na hiyo ni neema. Lakini vijana wetu hawana budi kufundishwa kwamba anayesema humo bado ni shahidi, na shahidi hujibu kwa neno lake.