Hermes, Mjumbe na Mwizi

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, mwasoma habari za mji wa Listra. Mtakatifu Paulo alimponya kiwete, na watu wakapiga kelele kwamba miungu imewashukia. Barnaba wakamwita Zeus. Paulo wakamwita Hermes, kwa sababu ndiye aliyekuwa msemaji. Mitume wakararua mavazi yao. Lakini huyo Hermes ni nani, hata mtu hodari wa kusema apewe jina lake?

Kwa Wagreki wa kale alikuwa mjumbe wa miungu, mlinzi wa wasafiri na wachuuzi, tena msindikizaji wa roho za wafu. Na wezi pia walikuwa wake. Mambo hayo yakaaje pamoja katika mmoja?

Hadithi yake yasema hivi. Alizaliwa alfajiri katika pango la mlima Cyllene. Adhuhuri alikwisha kutengeneza kinubi kwa gamba la kobe. Jioni akaiba ng'ombe 50 wa Apollo, ndugu yake kwa baba. Akawaswaga kinyumenyume ili nyayo zidanganye, akawaficha mbali, karibu na mto Alpheios, kisha akarudi kujilaza katika nguo za mtoto mchanga. Apollo alipomjia, alikana: yeye amezaliwa jana tu, ataibaje ng'ombe? Uongo wa kitoto huo, wala Apollo hakuusadiki.

Lakini mbele ya baba yao Zeus alishika njia nyingine. Alisema kwamba hakuwaleta ng'ombe nyumbani kwake, akawa tayari kuapa. Litazameni vema neno hilo. Lilikuwa kweli! Ng'ombe hawakufika nyumbani kamwe. Walikuwa kule mtoni.

Hapo ndipo naona maana ya Hermes. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Cratylus, aliunganisha jina hilo na kazi ya kusema: mkalimani, mjumbe, mwizi, mdanganyifu wa maneno, mtu wa biashara. Wote hao hupitisha kitu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na chombo chao ni ulimi. Mkalimani husimama katikati ya watu wawili wasiosikilizana. Akipunguza neno moja tu, nani atajua? Amani yao imo kinywani mwake, na vita pia.

Mchuuzi naye aweza kusema, “Unga huu umefika jana.” Ndiyo, umefika jana, lakini ulikwisha kukaa miezi katika ghala nyingine. Hakusema uongo hata kidogo, na mnunuzi amedanganywa. Kwangu mimi jambo hilo ni baya kupita uongo wa kitoto, kwa maana laiba hata imani ya watu katika ukweli. Walikuwako walimu waliofundisha kwamba mtu aweza kuapa huku akificha moyoni maneno yanayogeuza maana ya kiapo. Papa Inosenti XI aliwakataza mwaka 1679.

Zeus alicheka tu. Akamwamuru mtoto aonyeshe ng'ombe walipo, wala hakumpiga. Hermes akampa Apollo kinubi, nao wakapatana wakawa marafiki. Hata hivyo Apollo, kinubi kikiwa tayari mikononi mwake, alimtaka aape kwamba hatarudi kukiiba.