Muhuri na Anayeuvunja

Katika mtaa wa viwanda wa Wadi Kabir, mjini Muscat, si jambo geni kumkuta fundi ameinamia mashine iliyokataa kufunguka. Uchukuliwe mfano wa msumeno wa mkanda wa kukatia vyuma. Mota inanguruma, lakini mkanda unakwenda kwa kusitasita, na ndani ya giaboksi unasikika mkwaruzo. Giaboksi yenyewe ni kasha lisilo na tundu la kutilia oili wala la kuimwagia. Kibandiko chake kinasema kwamba imetiwa grisi ya kudumu maisha yote na kwamba isifunguliwe. Bolti zimekwisha kutolewa zote, na kifuniko hakijasogea hata unywele. Fundi ana nyundo mkononi, na bisibisi pana iko karibu.

Swali la saa hiyo huonekana kuwa la ufundi tu: afungueje? Nyuma yake lipo jingine la kale zaidi: ana haki ya kufungua? Na akishafungua, amejitwika nini?

Watu wa mwambao wamelelewa kuuheshimu muhuri. Msafiri aliyekabidhiwa kifurushi kilichoshonwa ili amfikishie ndugu wa mtu Unguja au Mombasa hakifungui njiani, hata harufu ya halua ikimfikia. Kilichofungwa ni amana. Lakini desturi hiyo imekutana na swali la uwanja wa ndege: mzigo huu umeufunga mwenyewe? Msafiri akishajibu ndiyo, kilichomo kimekuwa chake kwa lawama, ingawa si chake kwa mali. Ndiyo maana mwenye busara huomba kifurushi kifunguliwe mbele yake kabla hajakipokea. Hapo hajavunja amana. Ametambua tu kwamba anayetakiwa kujibu ana haki ya kuona.

Kwa mizani hiyo, muhuri wa kiwandani nao ni ahadi. Mtengenezaji anayefunga kasha anasema: kilichomo nakijua mimi, na nitakijibia mimi. Ahadi hiyo si ya kudharauliwa. Vumbi la chuma linaloruka kutoka kwenye msumeno likiingia kwenye gia hutafuna meno kama msasa. Vipo pia vyombo ambavyo kufungwa kwake ni huruma, kama vile vyenye springi iliyobanwa au gesi iliyoshindiliwa, ambavyo huweza kumuua asiyejua anachokifungua. Anayedai kwamba kila kifuniko ni hila ya mfanyabiashara hajawahi kukaa karibu na springi iliyofyatuka.

Hata hivyo, ahadi hupimwa siku inapodaiwa. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na kitu cha jamii ya sabuni. Joto na miaka huyatenganisha, mafuta yakachuruzika na masalia yakakauka. Basi grisi ya maisha yote ni ya maisha ya nani? Ni ya giaboksi yenyewe. Grisi hudumu mpaka giaboksi ife, na giaboksi hufa kwa sababu grisi imekwisha nguvu. Ahadi ya namna hiyo haiwezi kuvunjwa kamwe, kwa kuwa imejifunga ndani ya maneno yake.

Kifuniko kinapofunguka, jambo jingine hudhihirika. Ndani ya giaboksi ya aina hii mara nyingi mna parafujo ya chuma kigumu inayozungusha gurudumu la meno la shaba. Shaba haikuchaguliwa kwa bahati. Imewekwa kwa kuwa ni laini kuliko chuma: gurudumu liliwe ili parafujo isalimike. Grisi iliyogeuka nyeusi, yenye chembe zinazometa kama dhahabu, ni gurudumu hilo likiondoka kidogo kidogo. Kwa hiyo mbunifu alijua tangu mwanzo kipi kitakufa kwanza. Kuziba njia ya kukifikia, kisha kutouza gurudumu peke yake ila giaboksi nzima, ni kujua maradhi na kuyafunika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeyaficha yuko mbali, na anayeumbuka ni mwenye karakana.

Nchini Marekani mgogoro huu umefika kwenye sheria. Sheria ya dhamana ya mwaka 1975 huwakataza watengenezaji wa bidhaa za nyumbani, isipokuwa katika hali chache, kuifunga dhamana na sharti la kutumia vipuri au mafundi wao tu. Mwaka 2018 tume ya biashara ya nchi hiyo ilizionya kampuni kadhaa kwa masharti ya namna hiyo, yakiwemo ya vibandiko vinavyosema dhamana hufutika vikibanduliwa. Jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuwapa wakulima nyenzo za kujitengenezea mashine zao. Lakini sheria hueleza nani asizuiwe kufungua. Haielezi mtu afungue kwa moyo gani.

Hilo humrudia fundi na bisibisi yake. Njia ya haraka ni kuichomeka bisibisi katikati ya nyuso mbili za kasha na kuigonga. Kifuniko kitatoka, na uso uliochubuliwa utavujisha oili daima. Njia nyingine ni ya subira: kutazama kama kuna bolti iliyofichwa chini ya kibandiko, kukumbuka kwamba huenda kuna pini zinazolishika kasha mahali pake, kuipasha moto gundi taratibu, kugonga kwa nyundo ya mbao, huku na huku. Kabla ya kutenganisha, hutiwa alama. Kila kibati chembamba kama karatasi huwekwa kwa mpangilio wake, maana ndicho kinachoamua meno yakutane vipi. Anayefungua hivyo tayari anafikiria kufunga.

Kabla ya hayo yote lipo neno la kumwambia mwenye mali, maana mashine si ya fundi. "Mzee, nikiifungua huenda isirudi kama ilivyokuwa, niifungue?" Ni sentensi fupi, na wengi huiruka kwa kuogopa kuonekana hawajui kazi. Lakini ruhusa iliyotolewa bila kuijua hatari si ruhusa. Tena yupo wa tatu asiyeulizwa: kijana atakayesimama kesho asubuhi mbele ya mkanda ule, vidole vyake karibu na meno, akiamini kwamba mashine ni nzima kwa sababu inazunguka.

Huyo kijana ndiye kipimo. Mtengenezaji asiyekuwapo kumjibia amebakiza kufuli tu, na kufuli halina heshima ya amana. Lakini muhuri ukivunjwa, ahadi iliyokuwamo haipotei, humhamia aliyeuvunja. Yeye ndiye sasa anayesema: kilichomo nakijua mimi. Kama hakijui, kama ameacha kibati kimoja juu ya meza, au ametia oili isiyoafikiana na shaba kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo, basi amefanya lile lile alilomlaumia mwenye kiwanda, tena akiwa karibu zaidi na vidole vya mtu.

Kwa hiyo haki ya kufungua haitoki kwenye umiliki peke yake, wala kwenye ustadi peke yake. Hutimia kwa mtu aliye tayari kujibu baada ya kufunga. Fundi wa namna hiyo huizungusha mashine kwanza bila mzigo, akasikiliza, akairudisha kinga ya mkanda mahali pake. Kisha juu ya kasha, pale kilipokuwa kibandiko, huandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe, aina ya oili na jina lake.