Gorila wa Sinema na Gorila wa Kahuzi

Dominika moja alasiri vijana wa parokia yetu walionyesha ukumbini sinema mbili zenye hadithi moja. Ya kwanza ilikuwa King Kong ya mwaka 1933, ya pili King Kong ya mwaka 2005. Ni hadithi ya gorila mkubwa ajabu, anayekamatwa katika kisiwa cha mbali na kupelekwa New York ili watu wamtazame kwa fedha. Mwisho anauawa juu ya jengo refu kupita yote.

Sinema zilipokwisha, mabishano yakaanza. Kijana mmoja alisema: « Ile ya zamani ndiyo sinema, maana watu waliifanya kwa mikono yao. Hii mpya ni kompyuta tu, uongo mtupu. » Mwenzake akajibu: « Zote mbili ni uongo. Tena, yafaa nini kurudia hadithi iliyokwisha kusimuliwa? » Hapo mzee mmoja, aliyefanya kazi miaka mingi ya kufuata nyayo za gorila katika Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, akasema kwa upole: « Wanangu, ninyi mnabishana juu ya mikono na kompyuta. Mimi nilikuwa nikimtafuta gorila. »

Neno hilo limenikaa moyoni. Na tulifikiri pamoja.

Kwanza tujiulize: je, picha ya kubuni ni uongo? Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo, anatufundisha kwamba kosa la mwongo limo katika nia yake ya kudanganya. Bwana wetu aliposimulia habari za mwana mpotevu, hakuna aliyemwuliza kijana yule alizaliwa kijiji gani. Wote walijua kwamba ni mfano, na mfano ule ulibeba kweli kubwa. Basi mtengenezaji wa sinema, akituambia wazi kwamba huu ni mchezo, hasemi uongo, atumie udongo, atumie kompyuta.

Tutazame sasa kazi yenyewe. Mwaka 1933 fundi Willis O'Brien alitumia sanamu ndogo, zenye urefu wa sentimita 45 hivi, zenye mifupa ya chuma na manyoya ya sungura. Aliisogeza sanamu kidogo, akapiga picha moja. Akaisogeza tena, akapiga nyingine. Sekunde moja ya sinema yataka picha 24! Ukikaza macho utaona manyoya ya Kong yakitikisika bila upepo: ni alama za vidole vya fundi. Sinema ilipofanywa upya mwaka 1976, mtu aitwaye Rick Baker alivaa vazi la gorila. Mafundi waliunda pia gorila wa mitambo, mrefu wa mita 12, lakini hakutii vizuri, akaonekana kwa kitambo kidogo tu. Mwaka 2005 Peter Jackson wa New Zealand alitumia kompyuta. Hata hivyo mwendo na uso wa mnyama vilitoka kwa mwigizaji Andy Serkis, ambaye kabla ya kuigiza alisafiri mpaka Rwanda kuwatazama gorila wenyewe msituni.

Kijana wetu wa kwanza ana haki kidogo. Kazi ya mikono ina heshima yake, nasi twapenda kuona jasho la mtu. Lakini sikieni jambo hili. Gorila wa 1933, aliyefanywa kwa uvumilivu mwingi hivyo, alisingiziwa. Alionyeshwa akiwatafuna watu na kuwakanyaga. Gorila wa Kahuzi, ambaye milima yake twaiona kutoka hapa Bukavu, hula majani, mianzi na matunda. Hukaa na jamaa yake, na hupiga kifua ili kuonya. Mikono ya fundi ilikuwa minyofu, ila jicho lake halikuwa limemfikia mnyama. Yule wa kompyuta bado ni jitu la kubuni, hata hivyo huketi kimya akilitazama jua, na machoni mwake mzee wetu alitambua kitu alichokijua. Kwa nini? Kwa sababu safari hii mtu alikwenda kwanza kutazama.

Basi kurudia hadithi si kosa. Bibi zetu wamerudia hadithi za Sungura mara ngapi? Kosa ni kurudia kwa ajili ya fedha tu, bila kurudi kwanza kwenye kweli.

Hata hivyo kompyuta ina hatari yake. Udongo hukataa. Chuma hukataa, kama kilivyokataa kile cha mita 12. Vitu hivi humfundisha fundi unyenyekevu, maana humwambia: mpaka hapa. Kompyuta haikatai neno. Kwa hiyo anayeitumia hana budi kuwa na dhamiri inayojua kukataa.

Nami nina jambo la kuungama mbele yenu. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu, nilipokea katika simu picha ya moto mkubwa, ikisemekana ni mtaa mmoja wa mji wetu. Sikuuliza. Niliwatumia wengine. Jamaa moja ya wakristu wetu waliokuwa na watu wao mtaa ule wakakimbia usiku kwa miguu wakiwatafuta, na mtoto mgonjwa mgongoni. Baadaye tulijua kwamba picha ile ilikuwa ya kutengenezwa. Ufundi ni ule ule unaomfanya Kong apumue, ila hapa hakuna aliyesema « huu ni mchezo ». Huo ndio uongo, nami niliubeba.

Kanisa halikuichukia sinema. Mwaka 1936 Papa Pius XI aliandika juu yake barua Vigilanti Cura, akionyesha kwamba yaweza kuinua watu au kuwaharibu. Na hapa Bukavu, katika miaka ya 1950, Padri De Vloo wa Mapadri Weupe alitengeneza sinema mwenyewe. Basi tutazame, lakini tujiulize: Je, aliyeifanya amesema wazi kwamba ni mchezo? Je, yule anayeonyeshwa, mtu au mnyama, ametendewa haki? Je, nikitoka hapa nitampenda zaidi, au nitamwogopa bure?

Jambo la mwisho. Kong alipoanguka, wengi ukumbini walifuta machozi, nami pia. Mtakatifu Augustino alijilaumu kwamba katika ujana wake, kule Karthago, alipenda kulia kwenye michezo ya kuigiza, mahali ambapo mtazamaji haitwi kumsaidia yeyote. Mzee wetu alituambia wakati wa kuagana: « Maheshe je, mlimlilia? » Maheshe alikuwa gorila mwenye mgongo wa fedha wa Kahuzi, aliyejulikana na wageni wengi. Wawindaji haramu walimwua mwaka 1993. Wengi wa vijana hawakulijua hata jina lake.

Nilimwomba mzee aje Dominika inayofuata, awasimulie habari zake. Alikubali, na ukumbi ulijaa.