Kukata Shauri Kabla ya Hatari

Ukisimama Ukunda asubuhi, msomaji, utaona ndege zikiruka juu ya minazi ya Diani. Ni jambo la kila siku, hata hatuliinulii macho. Lakini tarehe 28 Oktoba 2025 ndege ndogo iliyotoka uwanja huo ilianguka katika vilima vya Kwale, na watu wote 11 waliokuwamo wakafa. Siitaji ajali ile ili nimhukumu mtu. Naitaja kwa kuwa imelifanya swali hili kuwa la kwetu: mtu afanyeje hatari inapomjia naye hana nafasi ya kufikiri?

Wengi hudhani ya kuwa injini ikizimika wakati wa kuruka, rubani hodari ndiye abuniye njia papo hapo. La hasha! Rubani wa ndege ya abiria yenye injini mbili hukata shauri kabla ndege haijasogea. Kwa kupima uzito, joto, upepo na urefu wa njia, hupatikana mwendo maalumu uandikwao kwa herufi V na tarakimu 1. Injini ikifa kabla ya mwendo huo, atasimama. Ikifa baadaye, ataruka kwa injini iliyobaki, kwani njia iliyosalia haitoshi tena kusimama. Ndivyo alivyo nahodha wa jahazi mbele ya mlango wa mwamba: akiwa nje aweza kugeuza chombo, akishaingia hana budi kupita.

Hapo pana jambo dogo linipendezalo sana. Mwendo ule ukitimia, rubani mkuu huondoa mkono wake katika vishikio vya injini, kwa sababu mkono ulioshikwa na hofu huvuta.

Labda utasema ya kuwa mtu atiiye tarakimu si shujaa bali mtumwa. Nami nakuuliza: ni nani aliyemwamrisha? Ni yeye mwenyewe, alipokuwa ametulia. Kati ya mtu huyo na yule aliyefadhaika sekunde moja iliyopita, yupi astahili kushika usukani?

Walakini kuendelea si ushujaa daima. Tarehe 2 Julai 2014, kabla ya mapambazuko, ndege aina ya Fokker 50 iliruka Nairobi ikipeleka miraa Mogadishu. Ilipokuwa ingali ikikimbia chini, kengele ya tahadhari ililia. Wachunguzi walihesabu tahadhari 27. Nafasi ya kusimama ilikuwapo, haikutumiwa. Ndege iliangukia jengo huko Embakasi, na watu wote 4 waliokuwamo wakafa. Ni rahisi kulaumu. Lakini fikiri jinsi ilivyo vigumu kuacha jambo lililokwisha kuanzwa, hasa watu wakikungoja, na kurudi kukiwa na sura ya aibu. Wewe umepata kusikia kengele ngapi ukazipita?

Ndege ikisha kuwa angani, haraka ndiyo adui. Mjini Taipei, tarehe 4 Februari 2015, injini moja ilishindwa punde baada ya kuruka, na rubani akaizima ile iliyokuwa nzima. Kati ya watu 58 walikufa 43. Kwa hiyo marubani hufundishwa kwanza kuinyosha ndege na kuulinda mwendo wake. Katika mashirika mengi hawagusi kitu kingine mpaka wapande kiasi cha futi 400. Kisha mmoja huweka mkono juu ya kishikio na kutaja ni injini ipi, mwenzake hutazama na kukubali, ndipo kivutwe. Watu wawili kushauriana juu ya kitu kilichokwisha kufa!

Naye rubani wa ndege ya injini moja, ikimfia juu ya minazi ya Ukunda angali chini chini, hufundishwa asigeuke kuutafuta uwanja, kwani ndege isiyo na nguvu ikipindwa kwa ghafula huporomoka. Hushusha pua, akatafuta pa kutua mbele yake, pawe shamba au ufuo, hata kama uwanja alioutoka ungali ukionekana nyuma ya bega lake.