Nusu Shari

Mpwa wangu anaishi Birmingham, Uingereza. Sigara alianza kuivuta huko, katika kazi za zamu za usiku. Aliposhika mimba hakumwambia mama yake habari za sigara. Alinipigia simu mimi. "Mjomba, mkunga anasema kama siwezi kuacha, basi heri nivute hii ya kielektroniki. Sasa si ni kumpa mtoto sumu kwa ridhaa yangu?"

Jibu lilinijia upesi: acha zote mbili! Ni jibu safi, na mimi nisiyevuta lisingenigharimu chochote.

Sigara inapoungua hutoa lami, na pia hewa ya kaboni monoksidi ambayo hunyang'anya nafasi ya oksijeni katika damu ya mama. Mtoto aliye tumboni hupungukiwa, hukua kwa shida, na wengine huzaliwa kabla ya wakati au wakiwa wamekufa. Sigara ya kielektroniki haiunguzi tumbaku. Hupasha moto kimiminika mpaka kiwe mvuke. Lami haimo. Lakini nikotini kwa kawaida imo, nayo huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Na majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba hudhuru mapafu na ubongo unaojengeka.

Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Uingereza juu ya wajawazito 1,140 waliokuwa wakivuta. Nusu walipewa plasta za nikotini, nusu sigara za kielektroniki. Waliothibitika kuacha tumbaku hadi mwisho wa mimba walikuwa asilimia 4.4 upande wa plasta na 6.8 upande wa pili. Tofauti ni ndogo, ila hebu tazama ukubwa wa kifungo chenyewe! Hawa ni wanawake waliotaka kuacha, wakasaidiwa, na hata saba katika mia hawakufika. Watoto wenye uzito pungufu walikuwa asilimia 14.8 kwa plasta, na 9.6 kwa zile za kielektroniki.

Waganga wa Uingereza husema: ikikusaidia kuacha tumbaku, itumie. Wenzao wa Marekani husema si salama kwa mjamzito. Kwa maoni yangu, hawabishani sana kama inavyodhaniwa. Kila mmoja anamtazama mwanamke mwingine. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, lakini neno hilo ni la mtu aliyekwisha kuingia katika shari. Muuza duka anayelitamka kwa msichana asiyewahi kuvuta, huku akimwonyesha ladha za embe na stroberi, anamdanganya kwa maneno ya kweli.

Linabaki suala la ridhaa. Mtoto hakuulizwa. Ndiyo, lakini hakuulizwa pia juu ya sigara, wala juu ya zamu za usiku. Na ridhaa ya mtu aliyefungwa na nikotini ni ridhaa ya namna gani? Anayemwambia "acha yote" kisha akakata simu amejitakasa yeye mwenyewe. Mtoto amebaki na moshi wake.

Nilimwambia amsikilize mkunga, apunguze nikotini kidogo kidogo kwa msaada wake, na asirudie tumbaku. Alinyamaza, kisha akauliza kama nitamwambia mama yake. Nikasema sitamwambia. Tangu siku hiyo dada yangu amekuja kwangu mara mbili, akinihesabia miezi iliyobaki, nami namsikiliza tu.