Umeme wa Pikipiki ni wa Nani?

Bodaboda anayebeba abiria kutoka feri ya Likoni hadi Shika Adabu au Mtongwe hawezi tena kufanya kazi na simu iliyozima. Nauli huingia kwa M-Pesa, wateja wake wa kudumu humpigia, na anayetegemea programu za kuita usafiri huonekana kwenye ramani pale tu simu inapokuwa hai. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka uliofuata serikali ikaziondolea pikipiki za chini ya cc 250 kodi ya ongezeko la thamani, na njia za Kisauni na Changamwe zikajaa Boxer na TVS. Simu na pikipiki zimekua pamoja, na zinakutana kwenye usukani: kijisoketi chenye kifuniko cha mpira, na nyaya mbili zinazoteremka hadi kwenye betri.

Kazi yenyewe ni ndogo. Betri ni ya volti 12, simu inataka volti 5, na kifaa kilichomo ndani ya soketi hushusha umeme huo. Lakini waendeshaji wengi hawamiliki pikipiki wanazoziendesha. Chombo ni cha tajiri, naye jioni anasubiri hesabu yake. Je, aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe ana haki ya kuunga waya na kuvuta umeme wake bila kuuliza?

Jibu la haraka steji ni kwamba umeme huo ni wa bure, kwani injini inazunguka vyovyote vile. Si kweli. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha jinsi sumaku inavyozaa umeme, na mwaka 1834 Heinrich Lenz akaeleza kwamba umeme unaozaliwa hivyo huupinga mwendo uliouzaa. Soketi inayotoa wati 10 huifanya magneti, kizalisha umeme cha injini, iwe nzito kidogo kuzungusha, na injini huchoma petroli zaidi. Ni kiasi kidogo mno, takriban vijiko viwili vya chai kwa saa nzima. Taa ya mbele ya wati 35 hula zaidi ya mara tatu ya hapo. Hata hivyo kuna jambo la kuzingatiwa: katika mapatano ya kawaida, petroli hununuliwa na mwendeshaji. Umeme ule umetoka mfukoni mwake.

Sheria ya Kiislamu ina kanuni inayofunga faida na dhamana: anayebeba hasara ya kitu ndiye mwenye haki ya kufaidi pato lake. Kwa upande wa petroli, mwendeshaji ameshinda. Kwa upande wa betri na magneti hajashinda, maana vikiharibika mara nyingi ni tajiri anayetoa pesa.

Mzozo wa namna hii ni wa kale kuliko pikipiki. Gaius, mwanasheria wa Roma wa karne ya 2, alimjadili mtu aliyeazimwa farasi akaenda naye mbali kuliko walivyopatana. Alihesabu kuwa huo ni wizi, isipokuwa mtu huyo awe aliamini kwa dhati kwamba mwenye farasi angeridhia. Madhehebu ya Kishafii, yaliyoenea pwani hii, hayako mbali na hapo: aliyekodi mnyama akavuka mpaka wa mapatano, madhara yakitokea ni juu yake. Basi kinachotafutwa ni mpaka.

Mpaka huo unaweza kuchorwa na desturi. Majalla, sheria iliyokusanywa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, inakihesabu kilichozoeleka baina ya watu kuwa sawa na kilichoshurutishwa katika mkataba. Tajiri anayetaka mwendeshaji wake apatikane kwa simu mchana kutwa, tena apokee hesabu kwa M-Pesa, amekwisha kuikubali soketi hata kama hajaitaja. Kampuni zinazokopesha pikipiki nazo hufunga vifaa vya kufuatilia chombo, navyo hutumia betri hiyo hiyo. Kumkatalia mwendeshaji wati 10 baada ya hayo si haki.

Ila desturi imeruhusu kuchaji simu. Haijaruhusu kuharibu waya za mtu. Kuna fundi anayeunga moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Waya husuguana shingoni mwa usukani kila pikipiki inapokata kona, ganda lake likichubuka shaba hugusa chuma, na moto unaweza kuanza hapo, karibu na tangi la petroli. Kiungo kilichofungwa kwa utepe tu huliwa na hewa ya chumvi ya Likoni hadi shaba ikawa kijani. Soketi isiyopita kwenye swichi ya ufunguo hunyonya betri usiku kucha. Kazi njema huweka fyuzi karibu na betri na kuchukua umeme baada ya swichi, ili ufunguo ukizimwa soketi nayo izime. Hadithi ya 32 katika Arobaini ya Imam Nawawi inakataza kudhuru na kudhuriana, na uzito wa swali hili umelala hapo zaidi kuliko kwenye vile vijiko vya petroli.

Kadhi wa Mombasa hataisikiliza kesi hii. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimeifungia mahakama yake kwenye hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Limebaki kuwa jambo la watu wawili, na linahitaji simu moja kabla ya fundi kushika kisu: tajiri aambiwe waya utapita wapi, fyuzi itakaa wapi, na nani atalipa betri ikifa. Siku ya kurudisha pikipiki, soketi ni ya aliyeinunua. Aing'oe iwapo nyaya zitarudi kama zilivyokuwa. Ikibidi ibaki, bei yake ipatanwe kabla ya kukabidhi ufunguo.