Nukta Sita Ilitoka Wapi?



Sisi tulioletwa Marekani na masomo au na riziki tulijifunza hesabu moja kabla hata ya kuizoea baridi: chukua nyuzi za Selsiasi, zidisha kwa 1.8, kisha ongeza 32. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi na haina ubishi. Ninalotaka tulitafakari ni kama mtu anaweza kuifanya bila kukosea hata kidogo, na bado akawa amesema lisilo kweli.

Mfano uko katika kila nyumba hapa. Muulize Mmarekani joto la mwili wa mtu mwenye afya, atakujibu 98.6, pamoja na nukta yake. Nukta sita hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1868 daktari Carl Wunderlich wa Leipzig, Ujerumani, alichapisha kitabu kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, akataja wastani wa nyuzi 37. Alijua vizuri kwamba joto la mwili hushuka alfajiri na kupanda jioni, na kwamba watu hawalingani. Lakini 37 ikibadilishwa inatoa 98.6, na msomaji akiona nukta hudhani ameletewa jambo lililopimwa kwa makini makubwa, kumbe nukta imezaliwa na kuzidisha. Ikiwa 37 ni chochote kati ya 36.5 na 37.5, basi kwa Farenhaiti ni kati ya 97.7 na 99.5. Utafiti uliotolewa mwaka 1992, wa watu wazima 148 wenye afya huko Maryland, ulipata wastani wa 98.2. Hata 100.4, ambayo madaktari wa hapa huihesabu kuwa mwanzo wa homa, ni ile 38 yetu iliyovalishwa suti.

Katika uhandisi kipimo husemwa pamoja na kiasi kinachoweza kuzidi au kupungua. Tukiandika 37, kuzidi au kupungua 0.5, tunabadilisha vyote viwili, na ile 0.5 inakuwa 0.9. Hapo haiongezwi 32, kwa sababu ni tofauti tu. (Ndiyo maana dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 2, kwa Farenhaiti ni 3.6, wala si 35.6.)

Sasa, wengi wetu ni wakalimani, tupende tusipende. Mama amekuja kuwaona wajukuu, ameugua, amepelekwa hospitali. Muuguzi anauliza homa ilikuwa kiasi gani. Mama anasema, "Mwanangu, mwili ulikuwa unachemka, usiku hasa." Kijana aliyemsindikiza, kwa haraka na kwa nia njema, anasema: 102. Muuguzi anaandika. Tangu hapo kila daktari atakayefungua faili ataona kipimo. Kijana hakutafuta faida yoyote, lakini amempa mama uhakika ambao mama mwenyewe hakuwa nao, na mtu mwingine ataamua dawa kwa kuuegemea.

Kiswahili kina neno dogo, "hivi". Saa mbili hivi. Watu kumi hivi. Naona tukisafiri ndilo tunaloliacha uwanja wa ndege.

Nitaambiwa kwamba fomu ina nafasi ya namba tu na muuguzi ana foleni. Ni kweli, na hoja hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, maana mgonjwa asiye na namba hupuuzwa upesi, hasa akiwa mgeni asiyejua lugha. Hata hivyo, ufinyu wa fomu haumpi mkalimani ruhusa ya kuijaza kwa kubuni. Amwambie muuguzi maneno ya mama kama yalivyo, aongeze kwamba hakupimwa, na asimame palepale mpaka yameandikwa. Kipimajoto kipo, mama apimwe sasa hivi. Ikiwa homa imeshashuka, ile ya usiku ibaki katika faili kwa maneno yake mwenyewe: mwili ulikuwa unachemka.